Siku Babu Lakiri Alipopanga Foleni Dirishani Pake

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika masjala ya mirathi, Babu Lakiri anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Jana alipokabidhi funguo, alirudi mara tatu kuhakikisha kwamba kabati la wosia limefungwa. Mara ya tatu, dada anayechukua nafasi yake dirishani alishindwa kuvumilia: "Mzee, kabati halina miguu. Litakuwepo."

Kiti anachomwachia dada huyo ni kama kipya. Babu hakai. Amehudumia watu akiwa amesimama, akizunguka kati ya rafu, akibonyeza kalamu ta-ta-ta mpaka wateja wanasahau walichokuja kuuliza. Jina la Lakiri amelipata kwa ile nta nyekundu ya kufungia bahasha, iliyomwachia kovu kwenye kidole gumba. Kwetu ni Babu tu; ndiye baba yake mama yangu. Wenzake wameniomba niandike mimi kwa sababu, eti, wao wakiandika itatoka kama barua ya kikazi.

Alianza kama tarishi, akipandisha mafaili kutoka chumba cha chini. Mwaka wa nne akapelekwa dirishani kwa wiki mbili, kumshikia nafasi mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Wiki mbili hizo zinakwisha leo.

Umaarufu wake ni kuyavunja maneno magumu. Msimamizi wa mirathi, huwaambia wafiwa, anashika funguo, hashiki nyumba. Amana ni kubebeshwa mtoto wa mwenzio: unambeba, unamkinga na jua, lakini humpi jina lako. Na kuhusu shahidi wa wosia, ambaye hatakiwi kuwa miongoni mwa wanaoachiwa mali, ana msemo uliotungiwa hapo hapo dirishani: anayepakuliwa hashiki upawa. Kwa msemo huo amewarudisha nyumbani watu wasio na idadi, wengine wakimnunia, wakatafute mashahidi wengine.

Miezi miwili iliyopita aliamua kuacha kipeperushi cha maneno hayo. Fomu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na amechoka kuona watu wakiitikia kwa kichwa jambo wasilolielewa. Kwa kuwa shuleni nasoma kwa lugha zote mbili, kazi ikaniangukia. Akanipa nakala ya wosia wake mwenyewe nione maneno yanavyokaa ndani ya sentensi.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Wosia ule ulisainiwa jikoni kwetu miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi aliyokuwa anakwenda kupasuliwa. Gari linapiga honi nje, yeye anazunguka meza, anataka kila kitu kiishe kabla hajaondoka. Nyumba tunayoishi alimwachia mama yangu, aliyemuuguza bibi mpaka mwisho. Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza jirani. Wa pili mama yangu. Kwenye pembe ya karatasi kuna doa la mchuzi. Mama alisaini akitoka kukoroga chungu, upawa mkononi.

Wosia wa namna hiyo haufi wote, ila fungu la shahidi huanguka. Nyumba ingerudi kugawanywa kana kwamba haikuandikwa, na wajomba zangu wawili hawajawahi kukubaliana hata rangi ya geti.

Naungama: nilinyamaza siku tisa. Mimi ni mtu wa kuomba chumvi kwa kuinyooshea kidole. Leo nikamwambie Babu Lakiri kwamba amefanya kosa analolikemea Babu Lakiri mwenyewe? Nilisahihisha mara sita kipeperushi kisichokuwa na kosa. Siku ya kumi nilipigia mstari msemo wake wa upawa, nikaukunja pamoja na nakala ya wosia, nikaviweka chini ya miwani yake. Kisha nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Alisoma. Akatoka nje, akaizunguka nyumba mara nne, mama akimfuata kwa macho dirishani, hajui kuna nini. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Umelijua tangu lini?" Nikamwambia. Akamaka: "Siku tisa, mjukuu wangu! Na kama ningeteleza bafuni?"

Kesho yake hakuingia kazini kwa mlango wa wafanyakazi. Alichukua namba, akapanga foleni na wateja, wa kumi na nne, aandike wosia mpya. Alipojaribu kusogea mbele, yule dada, aliyekuwa ameanza kujifunza kazi dirishani, akamwambia, "Subiri zamu yako, mzee." Zamu ilipofika akaulizwa yale yale aliyowauliza wengine maisha yake yote: una akili timamu? Nani amekulazimisha? Ofisi nzima ilikuwa imesimama kusikiliza. Akajibu kwamba amelazimishwa na kipeperushi. Jibu likakataliwa, akajibu upya vizuri.

Mashahidi walikuwa mlinzi na mzee wa usafi. Mzee wa usafi alilalamika: amemjua Lakiri miaka ishirini, ndiyo hata mwavuli hamwachii? Babu akamwambia asaini kwanza.

Ndiyo maana leo, kabla ya chakula, mtamwona Babu akimkabidhi mtu mwavuli mweusi mbele yenu nyote. Cha mkononi, mtoaji akiwa hai, hakihitaji bahasha wala lakiri.

Kwa niaba ya ofisi, na ya mama ambaye sasa anajua, asante, Babu. Bahasha yako iko rafu ya tatu, imefungwa vizuri, usirudi kuiangalia. Tunakuombea ikae pale miaka mingi, ishike vumbi mpaka jina lisisomeke. Nyumbani tumekuwekea kiti. Tafadhali, kikalie.