Mdako wa Ndoano

Kila asubuhi, kahawa ikishamiminwa, benchi lililo mbele ya mgahawa wa Agathi, huko milimani Epiro, huanza kuihukumu dunia. Siku hiyo kesi ilikuwa ya vidole vya watoto. Mwalimu mgeni wa chekechea alikuwa amelalamika kanisani kwamba watoto wake tisa hawawezi kufunga kifungo wala kushika penseli, na anatafuta mzee wa kuwafundisha mdako, ule wa vijiwe vitano, vidole vichangamke. Zisis, anayeitwa Ndoano kwa kuwa utotoni hakuna kijiwe kilichomponyoka, alisikiliza mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Tangu Pasaka mkono ule ulikuwa ukitetemeka bila ruhusa yake, na asubuhi hiyo mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Benchini hakuwa amemwambia mtu, na alimwomba Mungu mazungumzo yahamie kwenye siasa.

— Ni viatu vya kubandika, alisema Lambis, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Mtoto hajawahi kufunga kamba, vidole vitapata wapi akili?

— Acha fiksi! Ni nyama, alisema Thomas, aitwaye Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia chuo kikuu. Sisi tuliguguna mifupa ya kondoo. Siku hizi nyama inauzwa haina mfupa. Mfupa huita mfupa, bwana.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Redio.

— Na huku milimani samaki mbichi tunamwona wapi? Ndiyo maana vidole havikunjiki!

— Mie nakwambia ni njama. Raia asiyeweza kushika kalamu ataandika malalamiko?

— Ebo! Hapo umenena. Haba na haba hujaza kibaba.

— We Ndoano, mbona leo kimya? Nenda ukawafundishe. Si wewe uliyekuwa ukitufilisi shule nzima?

— Nina kazi shambani, alisema Zisis.

— Shamba gani, la mawe?

Zisis alianza kuinuka, lakini alikuwa amechelewa. Mwalimu Evanthia alikuwa akivuka barabara, mfuko wa kokoto mkononi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Bingwa wako huyu hapa! Redio alipiga kelele.

— Babu, nionyeshe mara moja tu, alisema mwalimu, akavipanga vijiwe vitano juu ya benchi.

Zisis akautoa mkono. Alirusha kimoja, akakiona kikishuka, akajua kabisa pa kukidakia, ila vidole vilivitawanya vile vinne na cha tano kikaanguka chini ya benchi. Redio alicheka. Kisha akauona ule mkono, ambao haukutulia hata baada ya mchezo kwisha, naye kicheko kikamkauka. Aibu ilimpanda Zisis mpaka masikioni.

Mwalimu hakuuona mkono ukitetemeka. Alikuwa amechuchumaa akiokota.

— Usijali, babu. Wangu nao huangusha penseli hivyo hivyo. Niambieni tu ukweli: mkono huchukua muda gani mpaka uzoee?

Redio alimtazama Profesa. Profesa alitazama kahawa yake. Mwalimu alibaki amechuchumaa, vijiwe kiganjani, akisubiri ajibiwe.