Rimoti ya Ackson na Jiko la Bibi Ikupa

Benchi letu liko njia panda ya Lufingo, ubavuni mwa kibanda cha kuziba pancha, na habari ambayo bado haijatokea utaipata hapo mapema kuliko kwingine. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka na Muddy alikuwa anamimina birika la pili la kahawa. Tulikuwepo mimi pamoja na Abrahamu, tunayemwita Diwani kwa sababu amegombea mara tatu na kushindwa mara tatu, Godwin, ambaye ni Injinia kwa kuwa aliwahi kumbebea spana fundi mmoja kule Mbeya, na Ackson, mwenye pikapu.

Mambo yalikuwa hivi. Ackson alifunga rimoti ya kuwashia gari kwenye pikapu yake ya gia za mkono, ili asubuhi kwenye baridi injini ipate moto wakati yeye bado anakunywa chai ndani. Wiki nzima alituringia mpaka tukakoma. Jana alfajiri akabonyeza akiwa mezani. Pikapu ikanguruma, ikashuka yenyewe katikati ya migomba, ikaenda kuingia ndani ya jiko la Bibi Ikupa, mjane anayeishi peke yake kule chini. Bibi hakuwemo, alikuwa ametoka kufuata kuni. Na sasa Ackson ndiye aliyekwenda kumshtaki bibi kwamba amelichezea gari lake. Mtendaji wa kijiji alikuwa amemwita bibi saa nne, na sisi wa benchi ndio mashahidi.

— Gari nililiambia liwake tu, Ackson alisema. Nani aliliambia liende?

Tukatikisa vichwa. Lilikuwa swali la mtu aliyeonewa.

Injinia alianza na mawimbi. Alieleza kwamba rimoti inatuma mawimbi, na mawimbi hayana adabu, mtu mwenye redio ya zamani anaweza kuyadaka hewani na kuyapeleka anakotaka. Tukamuuliza kama huenda fundi alikosea. Hapo akachukia.

— Kazi ya fundi ni safi, nilikuwepo. Hata ile swichi ya klachi aliunganisha waya wake moja kwa moja, gari liwake bila kukanyagwa klachi. Nani angeikanyaga, na mwenye gari yuko mezani na chai yake?

— Paka akiondoka panya hutawala, Diwani alisema. Maana yake, gari likiachwa peke yake lazima mtu alitawale. Swali ni nani.

Muddy akaleta ya Masukulu, kwamba kuna pikipiki huko ilipanda mlima usiku bila dereva na asubuhi ikakutwa ina matope mpaka kwenye kiti. Nani aliiona, hakumbuki, ila aliyemwambia ni mtu wa swala tano.

— Lisemwalo lipo, Diwani akadakia. Sasa niwaulize. Bibi Ikupa kila alfajiri yumo jikoni anaota moto. Miaka yote. Kwa nini jana, siku hiyo hiyo, hakuwemo?

Kila mtu akamtazama mwenzake. Yaani bibi wa watu kunusurika ndiko kukawa kosa lake. Leo naliandika hili na kuona aibu, lakini pale lilituingia vizuri kabisa, na mimi ndiye niliyeongeza kuni. Nilisema Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwona bibi amesimama kando ya barabara akiitazama ile pikapu kwa muda mrefu. Nilimwona kweli. Ambalo sikulisema ni kwamba kijiji kizima tulikuwa tumesimama tunaitazama.

— Hayo utayasema kwa mtendaji, Ackson aliniambia. Hivyo hivyo ulivyoyasema.

Nikaahidi.

Kwenye kibanda cha pancha kulikuwa na Fuso ya ndizi inazibwa tairi. Dereva wake, dada mmoja anaitwa Mwanaamina, alikuwa amekuja kukaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Alitusikiliza kwa heshima, kama mgeni.

— Samahani kaka zangu. Huku kwenu gari likilala, mnaliachaje?

Ackson alicheka. Akamweleza kwamba kwenye milima hii hendibreki haidumu, kebo inaisha kabla ya tairi, kwa hiyo kila mtu analaza gari kwenye gia namba moja na kuweka jiwe mbele ya tairi. Yeye jiwe aliliacha tangu afunge rimoti. Gari la kisasa na jiwe haviendani, watu wangemcheka.

— Na gia?

— Gia lazima, dada. Bila gia si litaondoka?

Mwanaamina akanywa kahawa kidogo.

— Sasa hiyo rimoti inajuaje kama gari liko kwenye gia?

Injinia alifungua mdomo.

— Inajua... Kuna ule... Yaani mawimbi yakifika...

Diwani alitafuta methali na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaikosa. Mwanaamina alisema tu kwamba la kwake fundi alikataa kulifungia rimoti. Alimwambia gari la gia za mkono, kama hakuna kitu cha kuizuia rimoti isiwashe mpaka liwe nyutro na hendibreki imevutwa, basi siku moja litawaka likiwa kwenye gia na kumfuata mtu. Tairi lilikuwa tayari. Akalipa kahawa yake, akatuaga.

Ackson alikuwa anaigeuzageuza rimoti mkononi. Simu yake ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa mazoea ya kujionyesha. Alikuwa mtendaji.

— Mzee Ackson, bibi yuko hapa tangu saa mbili, amekuja kwa miguu. Mimi nimemweleza shauri lako. Yeye anauliza tu leo atapikia wapi. Mashahidi wako wako wapi?

— Tunakuja, Ackson alisema. Akakata simu, akatutazama.

Injinia alikumbuka ameitwa Nkunga kuangalia jenereta. Diwani alikumbuka kikao. Ackson akaniuliza mimi.

— Nikamwambie nini yule bibi?

Nilimwambia atangulie, nakuja nyuma yake. Akaondoka peke yake kwenye ukungu. Muddy alimimina mpaka kahawa ikaisha, akakung'uta masimbi yaliyobaki chini ya birika, akafunga mzigo wake, na mimi nilikuwa bado nimekaa.