Wakunga Ishirini na Mmoja

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu mmoja wa tofali, kati ya kinyozi na kibanda changu cha kushona viatu. Asubuhi hiyo kahawa haijazunguka hata mara moja, Brashi akatokea upande wa hospitali, akakaa bila salamu. Brashi ndiye aliyewachonga na kuwapaka rangi wakunga ishirini na mmoja wa zamani, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wawekwe kwenye kabati la kioo pale wodi ya wazazi. Miezi saba ya kuomba picha nyumba kwa nyumba. Leo kabati lilikuwa linafunguliwa, na sisi tulitegemea arudi anacheka.

— Wamewapaka upya, alisema. Wote. Rangi moja, kama chai ya maziwa.

Wembe, kinyozi, aliacha kichwa cha mteja nusu akatoka nje.

— Moja kivipi?

— Moja. Mimi kila uso niliupitia mara kumi na nne, tabaka jepesi kama pumzi. Nyekundu chini, kahawia juu. Kivuli cha shingo nikatia zambarau, maana ngozi nyeusi ikikaa kivulini haiwi nyeusi tii, inavuta zambarau. Viganja nikavififisha. Sasa wamesimama pale kama njiti za kibiriti.

— Ni taa, alisema Wembe. Taa za hospitali hata mzima zinamtia ugonjwa.

— Taa inapaka mtu mpaka mboni?

Spana, fundi magari, akatua kikombe.

— Hiyo mipango. Wanataka kuwauza nje kama mapambo. Mchagua jembe si mkulima.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Mkulima ni Brashi. Jembe tafuteni wenyewe.

— Wewe Spana huna habari, alisema Wembe. Hao ni wenye viwanda vya mafuta ya kujichubua. Wanataka mtoto akizaliwa tu, akifumbua jicho, aone rangi hiyo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mtoto mchanga haoni hata pua ya mamake.

— Anaona. Anakunyamazia tu.

— Nyamazeni ninyi, alisema Brashi, na sauti yake ilitutoa mchezoni. Nimemfuata katibu wa hospitali ofisini. Kaniambia mgeni rasmi alipita juzi, akasema wanatisha, weusi mno, hawatoki vizuri pichani. Ndipo wakarekebishwa. Neno lake hilo, wakarekebishwa. Nikamuuliza, na nani? Akasema, fundi wa hapo hapo kijiweni kwenu.

Kati yetu fundi rangi mwingine alikuwa mmoja, Herufi, mwandika mabango, ambaye tangu mwanzo hakutia neno.

— Herufi. Nionyeshe kucha.

Herufi alikunja vidole kwenye kikombe.

— Wangempa mwingine, kaka. Ilikuwa kopo moja na bomba la kupulizia. Nusu saa.

— Nusu saa.

— Nilijiambia ni vinyago tu.

— Ulikuja kwangu ukamwona mkunga aliyempokea binti yako. Ukasema shavu nimelikosea, lilikuwa na alama. Nikalifuta, nikaanza tena. Ulikuwa unamjua.

— Nilimjua, alisema Herufi. Yule nilimpulizia mwisho.

Brashi alimkwida shati. Nilijitupa katikati na sindano yangu mkononi, Spana akamshika kiuno, benchi likapinduka, vikombe vyote chini. Brashi alikuwa analia kwa hasira, anasema mwachieni, mwachieni niulize tu alimpulizia kuanzia wapi.

Wakati tunahema, mwanamke mwenye mkoba wa safari alisimama mbele yetu. Vumbi la njia lilikuwa bado kwenye viatu vyake.

— Samahanini. Nimeambiwa fundi wa wale wakunga yuko hapa.

— Ndimi, alisema Brashi, anajifuta uso kwa mkono wa shati.

— Kaka yangu ndiye aliyekupa picha ya mama yetu. Tulikuwa nayo moja, na mvua ya mwezi uliopita imeingia ndani ikaila yote. Nikasema si kitu, mama yuko hospitali kwa fundi. Nimetoka mbali kuja kumwona. Nimesimama pale kwenye kioo, sikumtambua.

 Brashi akaniachia bega alilokuwa bado amelishika, Herufi akainua kichwa.

— Basi nilitaka kuuliza kitu kidogo tu, baba zangu. Hiyo rangi ya juu ikitolewa, ya chini itabaki?

Brashi alimtazama Herufi. Herufi alimtazama Brashi. Dawa ya kutoa rangi wote wawili wanaijua, na wanajua haichagui. Spana mwenye methali zake alitazama barabara. Wembe alirudi kwa mteja wake lakini mkasi hatukuusikia.

Nilisimamisha benchi nikalipangusa, nikamwambia mama, kaa. Hakukaa. Alibaki amesimama, anangoja.