Benchi Halikumbuki

Umewahi kuona kazi yako ikifa huku vidole vyako vingali kwenye kibodi? Digrii aliiona asubuhi ile. Kijiweni walimpa jina hilo kwa sababu digrii anayo, ajira hana. Kampuni aliyoomba kazi ilimtaka atume ripoti ya majaribio kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Alikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye kompyuta ya dukani kwa mjomba wake, umeme ukakatika bila taarifa. Sasa yuko kwenye benchi la kijiweni, kahawa imempoea mkononi.

— Tulia, mpwa, mjomba alisema, akifungua leso. Ndani mlikuwa na kijibao chembamba cha kijani. — RAM hii, nimeichomoa mwenyewe. Kazi yako yote imo humu.

— Anko, seriously? RAM inashika kitu umeme ukiwepo tu. Ukikatika, blank!

— Memori gani inasahau? Kinyozi, aliyeketi benchi hilohilo, alirukia.

— Ziko aina, bro, Digrii alimjibu. RAM ni kama benchi hili. Kahawa ikiwepo tumejaa, tunabishana. Ikiisha tunatawanyika, na benchi halikumbuki nani alisema nini. Hard disk ndiyo nyumbani: uliyemlaza humo utamkuta, kuwe giza kusiwe giza. ROM iliandikwa kiwandani, kazi yake kuiamsha mashine, basi.

— Sasa wewe kazi yako hukuilaza nyumbani? Kinyozi aliuliza.

— Nilisema nimalize kwanza.

— Basi maneno yamerudi kwenye waya, Kinyozi aliamua. Twende transfoma tukayadai.

— Mkaungue! Dobi alidakia kutoka mwisho wa benchi. Hiyo RAM bado ina joto. Ukiitunza isipoe, maneno hayatoki.

Mjomba, bila aibu, akaisweka kwapani. Digrii alicheka kicheko kilichokaribia kilio.

Shangazi wa nyumba ya jirani akatokea, anapepea kanga.

— Jamani, umeme unarudi saa ngapi?

Kinyozi alinyoosha kikombe kwenye birika.

Birika likatoa tone la mwisho. Mmoja mmoja wakanyanyuka. Benchi likabaki na Digrii na simu yake, akiandikia ofisi ya umeme:

“Nyie mnaokata, tangazeni kabla! Sidai fidia, sidai samahani. Nipeni dakika moja tu ya kusevu, halafu zimeni mji mzima mkitaka. Na leo rudisheni kabla ya saa kumi!”