Maisha ya Kapu, Mtunza Kurasa za Katuni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki. Kazi hii imeniangukia mimi, dada yake mdogo, nami naifanya kwa moyo mzito. Nikikwama, mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kwa ubishi. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kutembea kwa sababu kila alipokuta kipande cha gazeti sakafuni, alikaa chini kukitazama.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1958, kisha akasomea uchapaji katika chuo cha ufundi na kuhitimu mwaka 1969. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu alimnyang'anya kijitabu cha katuni alichokuwa akikisoma chini ya dawati. Juma zima alisubiri fimbo. Siku ya Ijumaa mwalimu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kinachofuata unacho?" Walibadilishana vijitabu mpaka alipomaliza shule.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kukata karatasi, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2008. Hapo ndipo vilipochapwa vijitabu vya katuni vya mzee wetu tunayemwita Mchoraji, ambavyo wengi wenu mlikua navyo. Siku hizo, ukurasa uliochorwa kwa mkono ukishapigwa picha kwa ajili ya mtambo, hakuna aliyeutaka tena. Mafundi waliupangusia wino, au waliukalia wakati wa chakula. Marehemu alizoea kusimama karibu na kapu la taka akiokota, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Kapu. Siku moja Mchoraji mwenyewe alimkuta akifuta ukurasa vumbi kwa mkono wa shati.

"Unaupeleka wapi huo uchafu wangu?"

"Kwangu, bosi. Huku hauna wa kuutunza."

Urafiki wao ulianza siku hiyo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na fundi cherehani wa duka la sare za shule. Wifi yangu alipoingia chumbani kwa mara ya kwanza, alikuta godoro limeinuka upande mmoja, na chini yake rundo la kurasa za katuni. Akauliza, "Hapa tunalala wangapi?" Kaka akamwambia akiba haiozi. Wifi akamjibu kwamba haiozi, ila mende wanaila. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeshona mifuko ya kitambaa cha pamba ya kuzihifadhia, na watoto walipozaliwa aliwafundisha kunawa mikono kabla ya kuzishika. Walijaliwa watoto wawili: wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na wa kike, ambaye ni muuguzi.

Kwa miaka mingi kurasa zile hazikuwa na bei. Kisha waliosoma vijitabu vile utotoni wakawa watu wazima wenye mishahara, wakaanza kuutafuta utoto wao, wakapiga hodi nyumbani. Ukurasa ambao zamani usingekupatia hata soda ukawa unaulizwa kwa bei ya pikipiki. Na bei hiyo haikuwa na adabu. Jambazi Jicho Moja, mhusika aliyeshangiliwa na kila msomaji, alishuka mpaka akasahaulika; Bibi Mfagiaji, aliyekuwa akipita pembeni tu na ufagio wake, akawa wa kugombaniwa. Hadithi ambamo Bibi Mfagiaji anatokea kwa mara ya kwanza alikuwa nayo marehemu peke yake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Dalali mmoja wa picha alimshauri asiwe na haraka ya kuuza, kwa kuwa mchoraji akifa bei hupanda, akauliza Mchoraji ana umri gani. Kaka alisimama akafungua mlango. "Chai yako imeshapoa, ndugu yangu."

Mwezi Februari 2021 figo zake zilianza kushindwa. Madaktari walitaka apandikizwe nyingine. Binti yake alikubali kutoa yake, na vipimo vikaonyesha inamfaa. Tulichanga, haikutosha. Ndipo kaka akakubali kuuza hadithi ya Bibi Mfagiaji, na dalali yule yule akataja bei ambayo ingemaliza shida yote. Marehemu alikuwa amelazwa wakati huo. Mchoraji aliposikia, alikuja nyumbani kuziomba kurasa zile. Wino umepauka, alisema, na ni aibu kumpa mnunuzi kitu kilichochakaa. Nani angemnyima mtu kazi ya mkono wake? Alikaa mezani kwake siku nyingi, akapitia kila mstari kwa wino mpya mweusi. Alizirudisha akitabasamu. "Shemeji, sasa zinang'aa."

Dalali alipoziona, alivua miwani. Alieleza kwamba mnunuzi hulipia mstari uliochorwa siku ile ya kwanza, na sasa mstari huo umefunikwa na mwingine. Hazikuwa na bei tena.

"Hata kama aliyezipitia ni mchoraji mwenyewe?" wifi aliuliza.

"Hata kama ni yeye, mama."

Kaka alipoambiwa, alitukataza kumwambia Mchoraji. Mimi niligomba. Nilimwambia anataka kufa na tai shingoni. Kila Mchoraji alipokuja hospitali aliuliza kama kurasa zimeuzwa, na kila mara kaka alijibu, "Nimebadili mawazo. Siuzi."

"Mbishi wewe! Karatasi zina maana kuliko uhai wako?"

Kaka alicheka tu, akaibeba lawama hiyo, na wakaendelea kubishana juu ya Bibi Mfagiaji mpaka wauguzi wakawatenganisha. Nilikichukia sana kicheko kile. Leo ningetoa chochote nikisikie tena.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, saa kumi jioni, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi dalali alikuja kutoa pole, akayasema yote mbele ya Mchoraji, akidhani mzee huyo anajua. Mzee aliomba kiti. Ni yeye mwenyewe aliyetusihi tusilifiche jambo hili leo. Alimuuliza wifi kwa nini hawakumwambia, na wifi akamjibu, "Alisema ukijua utaacha kuja. Na yeye alikuwa anakungoja kila siku."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia Mchoraji, ambaye leo amekaa kwenye safu ya ndugu, kwa sababu ni ndugu.

Mzee wetu, usiache kuja.

Na wewe kaka, umechoka. Pumzika kwa amani.