Mioyo Miwili, Kadi Moja

OKIROR: Haloo? Nani huyo? Paza sauti, malori yananguruma hapa!

AMONGIN: Ni mimi, Papa. Amongin. Yoga, hujambo?

OKIROR: Yoga noi, mama! Eldoret kuko aje? Mvua im–

AMONGIN: Mvua iko. Papa, uko nyumbani?

OKIROR: Hapana, niko Malaba, hapa border. Kwani kuna nini?

AMONGIN: Nakuuliza kitu kimoja na usinizungushe. Mwezi wa pili ulishikwa na moyo, ukalazwa, na hukuniambia?

OKIROR: Nani amekuambia?

AMONGIN: Kompyuta. Si unajua kazi yangu? Picha za moyo za huko kwenu zinatumwa huku tuzisome. Leo asubuhi daktari mkubwa ananiambia, Amongin, nipangie picha mbili za mgonjwa mmoja, ya mwezi wa pili na ya mwezi wa sita. Nafungua, naona Okiror wa Amagoro. Tarehe ya kuzaliwa ni yako. Nimelia kwa choo cha kazini, Papa.

OKIROR: Pole, mama. Lakini si unanisikia? Niko mzima.

AMONGIN: Hapo ndipo shida iko. Daktari amefurahi hajui akae wapi. Anasema moyo uliokufa upande mmoja umejitengeneza, mishipa mipya imeota, damu inapita kila mahali. Kesho anataka kuwaonyesha madaktari wenzake. Na mimi mjinga nikatangaza ofisi nzima, huyo ni babangu!

OKIROR: Ni Mungu, mama. Mungu akiam–

AMONGIN: Usimwingize Mungu hapa! Nimezitazama tena. Vimishipa vidogo vinaweza kuota, sawa, hiyo hutokea. Lakini mshipa mkubwa hauhami. Kwa picha ya kwanza, ule wa nyuma ya moyo unatokea kulia. Kwa ya pili, unatokea kushoto. Mtu huzaliwa nao hivyo na huzikwa nao hivyo. Hiyo ni mioyo miwili, Papa.

OKIROR: Haloo? Netiweki ya Uganda inaingilia... haloo...

AMONGIN: Netiweki iko sawa! Moyo wa mwezi wa pili ni wa nani?

OKIROR: Ni wa baba yako mkubwa.

AMONGIN: Emorut? Mliniambia ni vidonda vya tumbo!

OKIROR: Ningekuambia aje, na wewe na sheria zako za hospitali? Alianguka sokoni kwao, ng'ambo Uganda. Amuge akamvusha na boda, amemshikilia mumewe kama gunia. Hana bima ya huku. Nikampa kadi yangu. Tunafanana, hata nesi hakuuliza. Wewe ungeacha ndugu yako afe kwa sababu ya mto wa mpaka tu?

AMONGIN: Singemwacha. Na mwezi wa sita?

OKIROR: Mwezi wa sita tulirudi apigwe picha tena, tukakuta wamebadilisha mambo. Kadi inataka kidole. Unaweka kwa kamashine, ikikataa, unashikwa. Na askari amesimama pale mlangoni. Nikamwambia mzee akae kwa benchi nje. Nikaingia mimi.

AMONGIN: Ukalala kwa mashine. Wewe, mzima.

OKIROR: Jina langu liliitwa! Ningefanya nini?

AMONGIN: Ungerudi nyumbani! Ungesema tumbo linakuuma! Ungesema chochote! Na majibu?

OKIROR: Yalikuja kwa simu. Moyo umepata nafuu, vidonge vipunguzwe, kibaki kimoja.

AMONGIN: Moyo wako.

OKIROR: Wangu.

AMONGIN: Na baba mkubwa ulimwambia nini?

OKIROR: Nilimwambia wamesoma ile picha yake upya.

AMONGIN: Ai, Papa! Ulimdanganya!

OKIROR: Sikutaka ajue nimekula nafasi yake! Na zile dawa zilikuwa zinampa kizunguzungu, anashinda kwa kiti kama mtu amefungwa. Nikamsomea ile meseji. Alicheka, Amongin. Tangu mwezi wa pili hakuwa amecheka.

AMONGIN: Akapunguza dawa.

OKIROR: Akaacha zote. Alisema aliyepona hamezi.

AMONGIN: Na wewe ukanyamaza. Mzee huyu ndiye aliyenipeleka shule kwa baiskeli, kilomita tisa, miaka minne! Sikia. Mpigie sasa hivi. Ameze leo, asibebe kitu, asishike jembe–

OKIROR: Ameamka na ng'ombe leo. Kulima.

AMONGIN: Basi chukua boda uvuke! Uko hapo hapo border, daraja liko mbele yako. Vuka, Papa! Unangoja nini?

OKIROR: [honi ya lori]

AMONGIN: Papa? Kwani umeenda border kufanya nini?

OKIROR: Nimesimama hapa darajani tangu saa mbili asubuhi.

AMONGIN: Unangoja nani?

OKIROR: Pikapu ya jirani yao. Amuge alinipigia. Wamemlaza nyuma, wanamleta huku.

AMONGIN: Anapumua?

OKIROR: Sijui. Alikuwa analia, halafu salio likamwishia. Aliniambia kitu kimoja tu.

AMONGIN: Nini?

OKIROR: Nisisahau kadi.

AMONGIN: Papa... kadi inataka kidole.

OKIROR: Kidole ninacho, mama. Nitaweka changu.

AMONGIN: Halafu waandike tena ni wewe? Wafungue ile picha waone moyo mzima, wamwambie aende nyumbani? Sema ukweli mlangoni, Papa! Taja jina lake!

OKIROR: Nikitaja jina lake hawafungui mlango.

AMONGIN: Papa, nakuomba–

OKIROR: Naiona pikapu. Naiona... Amuge amesimama nyuma, amevua kitambaa kichwani. Mbona amevua kitambaa?

AMONGIN: Papa? Usikate! Papa, baba mkubwa amefunikwa nacho?

OKIROR: Wacha nikate, mama. Wacha nikate. Baki hapo na zile picha. Ile ya moyo wake usiifute–

AMONGIN: Papa! Haloo? Haloo?