Gari la Mkwe Lisipate Mstari

Kijiwe chetu hapa Masoko kina benchi moja refu, birika langu la kahawa, sinia la kashata, na midomo isiyolala. Mie ndiye Shangazi Kibibi, wenyewe wananiita Redio, eti habari za mji huu hulala kwangu kabla hazijaamkia kwa wenyewe. Sikatai! Jana asubuhi wameshakaa: Profesa, yule Klementi mkulima wa ufuta, kapewa jina hilo kwa kuwa aliwahi kufagia chuo kikuu Dar; Spea, yaani kijana Idd wa bodaboda, pikipiki yake nyekundu anaibusu kuliko mkewe; na Kimya, yaani Bonaventura, fundi wa kupiga rangi magari, mtu wa kunywa vikombe vitatu bila kutoa neno. Mara huyo Mfaume, nyumba yake hapo nyuma yetu, kalisogeza gari jeusi la mkwewe mpaka mbele ya benchi. Jeusi nasema kwa kuambiwa! Lilikuwa jekundu kwa vumbi, mpaka kioo unakitafuta.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba mwanangu! Mmerudi?

— Tumerudi jana jioni. Mke wangu Zuwena kajifungua salama kule Lindi, wote wazima, alhamdulillahi. Ila nilichepuka Kiranjeranje, kule ndani, kumchukua mama yangu aje amwangalie mzazi. Sasa tazama gari!

— Lo! Lo! Lo! Hili ndilo la Mzee Fakihi?

— Ndilo. Anakuja kulichukua leo adhuhuri. Aliniambia hivi: "Miaka minne halina mstari. Usilipeleke kwa vijana wa kuosha, wanasugua kama sufuria. Lioshe mwenyewe nyumbani kwako. Likirudi na mstari, usinikanyagie mlango." Shangazi, unajua yule mzee alivyonizungusha kabla ya kunipa binti. Hiki ndicho kitu cha kwanza kuniamini nacho.

Basi nikammiminia kahawa, maana mtu mwenye mkwe kama yule hafikirii na koo kavu.

— Utaoshea nini? — Spea akauliza.

Mfaume akanyanyua mkono. Ana dodoki kavu, lile la kuogea.

— Safi kabisa! — Profesa huyo. — Dodoki limeota shambani, halina kemikali. Kitu cha shamba hakiwezi kumdhuru mtu.

— Upupu nao umeota shambani, Profesa, — nikamwambia. Nikacheka mpaka kashata zikaruka kwenye sinia.

— Mzee baba, usipoteze muda, — Spea akasema. — Kata kipande cha godoro. Sponji ya godoro ndiyo mchongo. Laini, inalala vizuri.

— Godoro la nani?

— La kwako! Mkeo si kajifungua? Utalala chini siku arobaini.

— Mie nasema khanga kuukuu, — nikaingilia. — Khanga iliyofuliwa mara mia haina ubishi tena. Hata mtoto unamfutia uso.

— Khanga ina pindo, — Profesa akasema. — Lile pindo lina uzi mgumu. Rangi ya gari, sikilizeni niwaambie, ina ngozi saba. Dodoki linagusa ya kwanza, khanga inafika ya nne.

— Nani kakuambia?

— Chuo kikuu.

— Ulikuwa unafagia!

— Nilikuwa nafagia huku nasikia!

Mfaume kashika kichwa. Jua linapanda.

— Tujaribu basi, — Profesa akasema. Kabla mtu hajameza mate, kalichukua dodoki, kalitemea mate, kasugua tangi la pikipiki ya Spea. Kwaru, kwaru, kwaru.

— Wee mzee! — Spea karuka. Tumeinama wote kutazama. Tangi limechorwa michirizi kama miguu ya kuku kwenye tope.

— Umeniua, Profesa! Umeniua mchana kweupe!

— Pole. Lakini wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Inahusu tangi.

Mfaume akalitupa dodoki mbali kama kashika nge. Nilidhani watanyamaza. Thubutu!

— Bamia, — Profesa akasema. — Chemsha bamia ndoo nzima, paka ute gari zima. Mkono unateleza, mchanga unateleza, hakuna wa kumkwaruza mwenzie.

— Na mainzi?

— Mainzi hayana kucha.

Spea naye, hasira zimemwisha au zimempanda, mie sijui:

— Bata! Ushawahi kuona bata ana mkwaruzo? Tumia manyoya ya bata. Au mpandishe bata mwenyewe, mwagia maji, ajipanguse panguse juu ya boneti.

Hapo nilishuka kwenye benchi, mbavu sina. Mfaume machozi yanamlenga, na mie nacheka. Mungu anisamehe.

— Ningeanza na maji tu basi, — Mfaume akasema kwa unyonge.

— Usithubutu, — Profesa akasema. — Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndipo Kimya akaweka kikombe chini. Sote tukageuka, maana sauti yake tunaisikia mwezi hadi mwezi.

— Kosa si la dodoki peke yake. Kinachochana rangi ni mchanga. Ukiburuza kitu chochote juu ya vumbi hilo, hata hariri, umepiga msasa. Mwage maji kwanza, mengi, kuanzia juu, vumbi lishuke lenyewe, usiguse. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni laini, moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa cha pamba, khanga ya shangazi inafaa, ukate pindo. Kikianguka chini usikirudishe. Na usogeze gari kivulini, sabuni isikaukie.

Akanyanyua kikombe. Kamaliza.

— Sasa muda wote huo ulikuwa wapi? — Spea akalia, kalikumbatia tangi.

— Hamkuniuliza.

Mfaume akachukua ndoo mbili mbio kwenda bombani. Hata hajapinda kona, bodaboda ikasimama. Nani? Mzee Fakihi! Kaja mapema, kanzu nyeupe, kofia imenyooka. Spea na Profesa wakajipanga mbele ya gari kama ukuta, na mie nikatandaza khanga yangu kwenye boneti. Gari linafichika?

— Shikamoo mzee wetu! — tukamwamkia wote.

— Marahaba. Mfaume yuko wapi?

— Bombani, anakuja sasa hivi.

Akatutazama mmoja mmoja. Gari wala hakulitazama.

— Kwenye simu niliwakataza wanangu wasiniambie kitu mpaka wafike nyumbani salama. Usiku sikulala. Ninyi majirani niambieni basi: mjukuu wangu wa kike au wa kiume?

Wallahi nilitafuta pa kuuficha uso. Profesa akamtazama Spea. Spea akalitazama tangi. Kimya akatazama ndani ya kikombe. Asubuhi nzima tumesema dodoki, bamia, bata, hakuna aliyemuuliza Mfaume kapata nini!

Mfaume akatokea, ndoo mkono huu na huu. Alipomwona mkwewe maji yakammwagikia miguuni.

— Baba, gari bado...

— Nimepata nini?

— Wa kike, baba. Jina tunasubiri siku ya saba, ila Zuwena keshaamua. Mastura.

Mastura ni marehemu mkewe mzee, mamake Zuwena. Mzee Fakihi akaivuta khanga yangu pembeni, akainamia boneti, akaandika kwa ukucha wa kidole gumba, herufi moja moja, akikandamiza: MASTURA. Tunasikia kwaruu, kwaruu. Kimya kafumba macho.

— Nipeleke kwa mwanangu, — akamwambia Mfaume, kamshika mkono, wakaingia ndani. Ndoo zimebaki njiani.

Kimya akasogea, akamwaga maji taratibu kuanzia juu. Vumbi likashuka lote. Jina likabaki.

— Hili halitoki, — akasema.

— Kwani kakwambia nani litoke? — nikamjibu, nikaenda kuongeza moto wa kahawa.